Kiti Kimoja Dukani kwa Mama Sitati

Wewe unayenisikiliza, cheti chako kilikulisha lini mara ya mwisho? Usijibu. Najua kiko chini ya godoro, ndani ya bahasha ya khaki, kimenyooka kuliko maisha yako. Basi kaa hapo unikatie kesi moja, kwa sababu mimi imenishinda.

Walikuwa watatu, wote B.Com. Naliaka alikuwa na sikio: akikaa na wewe dakika kumi, unamwambia hata ulichomficha padri. Kirop alikuwa na jicho: mpe kitu kinachosifiwa, atakuonyesha kitakapovunjika. Mokeira alikuwa na ulimi, angeweza kumfundisha jogoo kuwika kwa zamu. Vipaji vitatu, na miaka minne ya barua za "we regret to inform you."

Pale Kitale, karibu na soko, Mama Sitati alikuwa ameshona sare za shule miaka ishirini, na mahesabu yake yote yalikaa kwenye madaftari matatu. Mwezi wa kumi akapata barua kutoka ofisi ya manunuzi ya kaunti: oda ya sweta mia nne itapewa duka lenye risiti ya kompyuta tu. Mwisho Ijumaa. Bila oda hiyo, cherehani zinanyamaza. Akatundika kipande cha katoni mlangoni: KARANI MMOJA ANATAKIWA. AJUE KOMPYUTA.

Jumatatu wakafika wote watatu, kila mmoja na bahasha yake.

"Wanangu, kiti ni kimoja," Mama akasema. "Lakini watu wa programu wamenijia sita, na kila mmoja anasema yake ndiyo dawa. Nichagulieni moja. Ijumaa ikitoa risiti, nitasema nani anakaa."

"Na transport, Mama?" Kirop akauliza.

"Transport ni miguu yako, baba."

Naliaka hakugusa kompyuta ya mitumba ambayo Mama alikuwa amenunua pamoja na printa. Alikaa juu ya marobota ya vitambaa akauliza maswali.

"Mama, hizi sweta za rafu ya juu zimebandikwa majina, kwa nini?"

"Hiyo ni ya Nasimiyu wa darasa la nne. Babake alileta mia mbili mwezi wa pili, mia moja mwezi wa nne. Akimaliza, mtoto anavaa."

"Kwa hivyo imeuzwa."

"Haijauzwa!"

"Basi naweza kuinunua?"

"Wewe msichana! Si nimekwambia ni ya Nasimiyu?"

Naliaka akaandika: kuna sweta ambayo haijauzwa na haiuzwi. Akazihesabu. Mia moja sitini na tatu. Nusu ya duka ilikuwa kwenye rafu ile, na hakuna mhadhiri hata mmoja aliyewahi kuwaambia kwamba kuna rafu kama hiyo. Bila Naliaka wangechukua yoyote yenye rangi nzuri, na kufikia Krismasi ingekuwa imemuuzia mtoto mwingine sweta ya Nasimiyu.

Kirop alipakua zote sita kwenye kompyuta hiyo. Bando la intaneti lilikula pesa yake ya chakula cha siku tatu, na hakumwambia mtu. Kila programu aliijaribu kwa sweta ya Nasimiyu. Ya kwanza ikasema imeuzwa. Ya pili ikasema ipo, karibu mteja. Ya tatu ikaandika "invalid entry," kana kwamba baba wa watu ni kosa la kuchapa. Ya nne iliikubali, network ikapotea, na sweta ikapotea nayo. Ya tano ilitaka dola kila mwezi. Ya sita ilikuwa na sura mbaya kama ukuta wa ofisi ya chifu, lakini ilikubali jina, kilicholipwa na kilichobaki. Kirop akaizimia stima katikati ya kazi. Mama akapiga yowe. Akaiwasha tena: Nasimiyu yupo, na mia tatu zake. Bila Kirop kusingekuwa na programu, kungekuwa na brosha sita tu.

Alhamisi Mama akatazama skrini, akaisukuma.

"Hii ni Kizungu kitupu. Mimi niliishia darasa la tatu. Nirudishieni madaftari yangu, na nyinyi mwende!"

Wawili wakaanza kufunga mifuko. Mokeira akafungua daftari. Kila ukurasa ulikuwa na kipande cha kitambaa kilichobanwa kwa pini pale ambapo jina la shule lingekaa.

"Mama, kumbe wewe unasoma vitambaa."

"Sasa ningesoma nini?"

Mokeira akapiga picha kila kipande, akaziweka ndani ya programu, mahali pa yale maneno. "Bonyeza hiki cha maroon, cha shule ya Nasimiyu, Mama. Pole pole, haiumi."

Mama akabonyeza. Nasimiyu akatokea.

"Ha! Kumbe inamjua!"

Bila Mokeira, programu ingekuwa pambo, na wote watatu wangekuwa barabarani tangu Alhamisi.

Ijumaa afisa wa manunuzi akaja. Risiti ikachapwa. Akaikunja bila kuisoma, akaitia mfukoni, akasaini oda. Mama akapiga vigelegele. Kisha akakaa mbele ya kompyuta mwenyewe, kwa jinsi alivyofundishwa vizuri, akabonyeza hapa na pale mpaka hesabu ya pesa za duka ikatokea.

"Wanangu, nisiwadanganye. Inasema duka linaweza kubeba mtu mmoja, elfu tisa kwa mwezi, mpaka shule zifunguliwe Januari. Na baada ya hapo…" Akaona haya. "Baada ya hapo nitaandika mwenyewe. Mmenionyesha."

"Kwa hivyo tumejifuta kazi," Naliaka akasema.

"Kabla ya kuajiriwa," akasema Kirop. "Hiyo ndiyo efficiency. Tulisomea."

"Tugawane mwezi mwezi basi," akasema Mokeira.

Mama akatikisa kichwa. Afisa ameacha fomu: jina la karani, mmoja, na sahihi yake, hakuna kubadilisha. Kalamu ya Mama ikasimama juu ya mstari ule, na watatu wakaangalia chini, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba bila wenzake asingefika hapo.

Haya, kalamu nakupa wewe. Aliyesikia, aliyepima, au aliyefundisha: utaandika jina la nani? Na wale wawili utawatazama vipi wakitoka na bahasha zao?

Nanyi wa ofisi ya manunuzi, msijifiche nyuma ya kesi hii. Sharti la risiti ya kompyuta ni lenu, si la Mama Sitati. Mlilitunga bila kuuliza nani atalifanyia kazi na kwa mshahara gani. Basi futeni huo mstari mmoja, chapeni fomu yenye mistari mitatu, na mshahara wa majina yote matatu mlipe ninyi. Iletwe mezani kwa Mama Jumatatu, saa mbili asubuhi. Na safari hii, someni kabla ya kukunja.