Zamoyoni na Kiti cha Profesa

Haya, tegeni masikio. Zamoyoni, binti mjanja kweli, alikwenda chuo kikuu kuomba nafasi ya shahada ya pili, asomee sera za serikali. Lakini alama zake zilikuwa aibu tupu.

Profesa Mbilingi akazisoma mbele ya wajumbe wa kamati ya usaili, akacheka. "Binti, siku nikiinuka kitini kuziheshimu alama hizi, ndiyo utasoma hapa!"

Zamoyoni akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Sawa, baba. Ila leo nimefiwa. Tusimame dakika moja, kisha niende zangu."

Wakainuka wote, kimya, vichwa chini.

"Pole, mwanangu," akasema Profesa. "Kafa nani?"

"Alama zangu, baba. Umeziinukia. Masomo yanaanza lini?"

Wajumbe wakacheka mpaka machozi, Profesa akatafuta kalamu ya kumwandikisha.