Kigae Kati ya Sahani za Kichina

Wametusimulia wazee wetu, Mola awarehemu, ya kwamba mji wa Makutwe ulikuwa bandari tangu zama ambazo pwani hii ilikuwa na bandari chache. Merikebu zilikuja kuchukua boriti na pembe, zikaacha nguo, tende na vyombo vyeupe kutoka Uchina. Leo bandari imejaa mchanga. Wageni huja kutazama milango iliyochongwa, vichochoro ambamo punda wawili hawapishani, na msikiti mkongwe. Humo, juu ya mihirabu, zimepachikwa sahani saba za Kichina za rangi ya buluu, na katikati yake kipo kigae cha chungu cheusi cha kupikia, kisicho na nakshi yoyote. Kila mgeni huuliza kimefikaje pale. Kilifika hivi.

Palikuwa na mwanamke mcha Mungu, Mwana Siti binti Kombo, mjane mwenye watoto wanne. Aliwalea kwa kuchoma chokaa. Alipanga matumbawe juu ya magogo ya mikoko, akayachoma, akayamwagia maji ya mvua, kisha akayafukia shimoni. Sharti la mji lilikuwa kwamba chokaa ya dari ilale shimoni mwaka mzima. Chokaa changa ina chembe ambazo hazijaiva. Hufura baadaye ndani ya dari, dari ikapasuka, mvua ikapenya, na siku moja ikawaangukia waliomo. Kwa hiyo Mwana Siti alikuwa na mashimo mawili, la mwaka jana na la mwaka huu, yote yamefunikwa kwa makuti, na juu ya lile la zamani aliweka kigae kuwa alama.

Mwaka huo dari ya msikiti ilijengwa upya. Fundi mkuu, Makame wa Shali, alichukua chokaa kwenye shimo lenye kigae. Watu walipanda juu na virungu vya mti, wakaipiga dari siku tatu kwa nyimbo, kama ilivyo desturi, kisha ikaachwa ikauke siku arobaini. Ikabaki kuondoa viguzo vilivyoishikilia kwa chini. Siku iliyowekwa ilikuwa Alhamisi, ili Ijumaa watu waswali ndani.

Jumatano asubuhi jirani alikuja kuomba chokaa kidogo ya kuziba ufa wa birika. Mwana Siti akafunua shimo lililobaki, akatia mkono. Chokaa ilikuwa laini kama samli. Chokaa ya mwaka huu haiwi hivyo hata kwa dua.

Ndipo alipoikumbuka siku ya tufani. Makuti yalipeperuka, naye akafunika mashimo upya kwa haraka, mtoto mgongoni analia, chungu jikoni kinaungua. Kigae alikiokota mchangani, akakiweka alipokiweka.

Alisimama pale mkono umejaa chokaa. Msikiti na nyumba za Fundi Makame ndio riziki yake. Fundi akijua, hatachukua tena chokaa kwake. Na dari changa huweza kukaa miaka kumi kabla ya kufanya ufa. Nani angekumbuka kigae? Shetani ana hesabu nzuri sana nyakati hizo.

Akanawa mkono, akawapakulia watoto uji, maana njaa haimsubiri mtu amalize kutafakari. Kisha akajitanda, akaenda msikitini.

Alimkuta Fundi Makame juu ya ngazi. "Fundi, viguzo usiviondoe. Nimekupa chokaa changa."

Fundi akacheka. "Bibi weye! Nilichukua penye kigae."

"Kigae kilikuwa pasipo pake."

"Kumbe kigae chako kina miguu?"

"Mwenye miguu ni mimi, na mikono pia. Nilikiweka mwenyewe siku ya tufani."

Fundi akateremka, uso umebadilika. "Siku tatu watu wamepiga dari hii! Siku arobaini tunaswali juani! Mwana Siti, ungenyamaza ungepungukiwa nini?"

Shehe Nasibu, imamu wa msikiti, alikuwa akitawadha, akayasikia yote. Akamwuliza, "Una watoto wanaoswali humu?"

"Wawili, Shehe."

"Na kama usingekuwa nao, ungekuja?"

Mwana Siti akafikiri. "Ningekuja. Labda ningechelewa hadi alasiri."

Shehe akatabasamu. "Huyu hasemi uongo hata wa kujipamba. Ibomoeni."

Kesho yake wakaanza kubomoa, viguzo vikiwa bado mahali pake. Walianzia upande wa kibla, juu ya mahali anaposimama imamu. Huko wakaona boriti moja ambayo haikuingia ukutani nusu dhiraa kama inavyotakiwa. Iliingia vidole vinne tu. Vijana wakamtazama fundi.

Fundi Makame aliupima mwisho wa boriti kwa vidole vyake. Kisha akasema mbele ya watu wote, "Hii niliiona. Ilipungua, na nyingine sikuwa nayo. Nikasema, chokaa iliyolala itaishika." Akachukua donge la chokaa, akalifikicha. Likamwagika kama unga. "Nayo iliyokuwa imeishika ni hii. Viguzo vikitoka leo, kesho ingekuwa juu ya kichwa chako, Shehe."

Shehe Nasibu akainua mkono, akapapasa kilemba chake. "Alhamdulillahi," akasema, "bado kipo." Msikiti wote ukapasuka kwa kicheko, kicheko cha watu walioponea chupuchupu, na wengine walikuwa wakifuta machozi.

Ikaletwa boriti ndefu, na chokaa laini kama samli ikatoka shimoni. Watu wakapiga dari siku tatu tena, na mara hii wanawake wakatunga wimbo wao: "Kigae hakina miguu, nani alikihamisha?" Mwana Siti alikuwa miongoni mwao, akiitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kuhusu riziki yake, Fundi Makame hakununua chokaa kwa mtu mwingine hadi alipofariki. Akiulizwa, alijibu, "Anayekuja mwenyewe kuniambia chokaa yake mbovu, chini ya dari yake nalala."

Shehe akakiomba kile kigae, akakipachika kati ya sahani. Mwana Siti alilalamika. "Shehe, aibu yangu unaiweka kibla?"

"Sahani zinapamba, mwanangu. Hiki kimetukinga."

"Haya, nami nitatafuta alama nyingine." Akasimamisha penye shimo la zamani, ambamo tangu hapo alihamishia chokaa iliyotimiza mwaka, nguzo ya jiwe ambayo wanaume wawili hawawezi kuisogeza, wala tufani, wala mama mwenye haraka.

Enyi waumini, wengi wetu tukishakiri kosa huona tumemaliza. Mwana Siti alitubu Jumatano kwa ulimi, na ilipokwisha dari akatubu kwa jiwe. Mola atujaalie toba zote mbili.