Kwa Nini Theluji Huvukwa na Mmoja Mmoja

Tulieni basi, maana habari hii haisimuliwi kwa kucheka. Zamani, kabla babu wa babu zenu hawajazaliwa, theluji ya mlima huu ilishuka chini sana, ikakaribia nyasi. Ili kufika ng'ambo kuchukua magadi, watu wetu walilazimika kuukata mteremko mmoja mweupe, nao wanaume waliuvuka wote kwa pamoja, wamefungana kamba moja viunoni. Mangi, mtawala wetu, alitangulia, wakafuata wakubwa wa koo, kisha wengine kwa kadiri ya heshima zao. Kuvuka peke yako ilikuwa aibu, ungedhaniwa huna kwenu. Ujinga mtupu, na tuliuita umoja.

Manka alikuwa mke wa Kiwia, mwanamume aliyefungwa wa mwisho kwenye kamba hiyo. Alikuwa amezaliwa katika boma la juu kabisa, ambako watoto hufundishwa kuitazama theluji kabla ya kuikanyaga. Siku ya safari alikuja na wanawake wabeba magadi, waliovuka baada ya wanaume. Alipouona mteremko, akasita. Upepo ulikuwa umevuma siku tatu na kurundika theluji mpya juu ya ile ya zamani iliyoganda. Jua lilikuwa limeshapanda, nayo theluji ilikuwa imeanza kulegea. Akachimba kwa fimbo yake pembeni, akaona tabaka la juu linateleza juu ya lile la chini kama utando wa maziwa. Alipoweka mguu, kukasikika mlio mzito chini kwa chini, na ufa ukakimbia mbele yake.

Akaenda kwa Mangi Ndemasi, akapiga magoti kama ilivyotakiwa. "Mangi, tusivuke leo. Turudi, tuje kesho alfajiri theluji ikiwa imeganda, tena mmoja mmoja."

Mangi alimtazama Kiwia. "Mkeo anatupangia safari siku hizi?"

Wakubwa wa koo wakacheka. Manka alimshika mumewe mkono, akamwambia ajifungue kamba hiyo. Kiwia alijua mkewe hasemi ovyo. Alijua kabisa. Lakini macho yote yalikuwa kwake, akasema kwa sauti ya chini, "Niache, mama, usiniaibishe." Akakaza fundo.

Walipofika katikati, mteremko ulikatika juu yao. Theluji ilishuka na kuwavuta wote kwa ile kamba, huyu akimburuta yule. Mangi na wawili nyuma yake walinasa kwenye mwamba, na kamba ikakatikia hapo. Waliobaki walifukiwa. Manka aliteremka kuchimba kwa mikono na kwa fimbo, wanawake wakamfuata, nao Mangi na wenzake wakasimama wasijue pa kuanzia, kwa kuwa wanaume wote walikuwa kwenye kamba na wanawake wakingoja zamu yao nyuma ya tuta, hata hakuna aliyekuwa akitazama ni nani kazama wapi. Walipomfikia Kiwia, mwili ulikuwa umeshapoa. Alikuwa amelala chini ya theluji kiasi cha mkono mmoja tu. Angetazamwa, angepona.

Manka hakulia. Hasira ilikizuia kilio. Matanga yalipokwisha, Mangi alikuja na mbuzi kumpa pole. Manka akamwambia amrudishe mbuzi wake nyumbani, kisha waende wote mlimani kabla jua halijapanda.

Pale mteremkoni aliwasimamisha watu wote mwambani, akaichimba theluji, akaikagua, akamgeukia Mangi. "Vuka. Peke yako. Sisi tutakutazama."

Haikuwahi kutokea mtu kumwamuru Mangi hivyo, mwanamke tena. Wazee waliguna. Lakini hapakuwa na aliyethubutu kumtazama Manka usoni, na Mangi akavuka, hatua kwa hatua, bila mtu wa kumshika, akisikia moyo wake mwenyewe. Alipofika ng'ambo aligeuka, akainua mkono kumshukuru.

Manka hakuuitikia mkono ule. Alisema, "Mwingine."

Ndiyo sababu hadi leo watu wa upande huu wakifika penye theluji huvuka mmoja mmoja, na waliosalia humkodolea macho anayevuka, wala hawapigi soga. Na mmoja wao akisema turudi, hata akiwa bibi harusi aliyefika jana, wote hugeuka wakarudi. Hakuna anayemuuliza mumewe.