Salamu za Mteremkoni

Wapendwa, nimeamka nimechoka, na nawaona ninyi pia mmechoka. Wiki ya kuchuma chai ilikuwa ndefu. Basi leo sitapaza sauti. Nitawapa mfano mmoja tu.

Palikuwa na fundi mitambo katika kiwanda cha chai, kule juu mlimani. Nyumbani kwake ni bondeni, na kila jioni alirudi kwa baiskeli, akiifuata njia ileile aliyoijua tangu utoto. Alijua pa kuinuka kwenye kiti, na pa kukandamiza ndala kwenye tairi, maana breki zilishakufa zamani. Mnacheka, lakini nusu yenu mmekuja hapa hivyo hivyo.

Katikati ya mteremko aliishi kaka yake, mtu aliyefiwa na mke, peke yake. Jioni huketi kwenye benchi mlangoni. Fundi akikaribia hupiga kengele.

"Shikamoo, kaka. Habari za hapa?"

"Marahaba, mdogo wangu. Njema, ila..."

Na baiskeli imeshapita.

Mnajua tulivyolelewa. Hata kama ndani kuna msiba, ukiulizwa habari unaanza na njema. Habari yenyewe inakuja baada ya ila. Je, fundi hakuisikia hiyo ila? Aliisikia vizuri kabisa. Lakini mgongo ulikuwa unamuuma, baiskeli imeshika kasi, na kusimama pale ni kazi. Akajisemea, nitamsikiliza kesho. Alimpenda kaka yake, tusimsingizie. Alitaka tu kufika, aoge maji ya moto, alale. Kwa hiyo kaka akabaki na neno lake mlangoni, jioni baada ya jioni, tangu palizi ya mahindi hadi mavuno.

Mtaniuliza, mbona hakutuma mtu? Ndugu zangu, kwetu mkubwa hatumi mtu kwenda kumwomba mdogo wake. Anangoja mdogo asimame.

Siku moja mnyororo ukakatika, juu kidogo ya nyumba ile. Fundi akashuka, akaikokota baiskeli, kachoka na kakasirika. Akafika mbele ya benchi, hatua tatu hivi. Kaka akageuza uso.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe leo unatembea."

"Mnyororo umekatika. Kaka, hunioni?"

"Sikuoni. Juzi Jumanne muuza maziwa alinipeleka hospitali. Ni presha ya macho. Wanasema ningefika ule wakati ukungu unaanza, wangeokoa hata jicho moja."

Fundi akaiachia baiskeli ikaanguka. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," kaka akasema, wala hakusema kwa ukali. "Nilikuambia kila jioni. Ulikuwa umeshafika kwenye kona."

Wapendwa, sisi si watu wabaya. Hakuna humu asiyesalimia. Tunasalimia sana, tena kwa adabu zote, ila tunauliza habari huku miguu imeshaondoka. Mwenzetu akisema njema, tunalichukua neno hilo moja, tunakwenda nalo nyumbani na tunalala usingizi. Uchovu ni wa kweli, siubishi, na Mungu anaujua. Lakini ni nani aliyetuambia kwamba aliyechoka ameruhusiwa kusikiliza nusu? Ni wangapi mitaani kwetu wanaokwisha polepole, na sisi tunapita mlangoni kila siku, tukiwa na uhakika kwamba wako salama kwa sababu tumewauliza?

Nami simo nje ya mfano huu. Asubuhi hii, hapo mlangoni, mama mmoja alinipa mkono. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akanijibu, "Bwana asifiwe, mchungaji, njema, ila..." Nami nikashika mkono wa aliyemfuata.

Mama huyo yuko humu ndani. Simtaji jina. Tangu nilipoanza kusema namwona, naye ananiona.

Nilikuwa nimeandaa mengine, lakini yatangoja. Kwaya, tuimbieni wimbo mrefu. Mama, tafadhali usiinuke. Mimi ndiye ninayeshuka kuja hapo ulipo.