Rangi ya Gari la Bura

Mtu mmoja alikuwa na gari la matangazo. Jina lake Bura, na kazi yake ilikuwa kupita vijijini akitangaza misiba, chanjo na mikutano. Juu ya gari alifunga vipaza sauti vinne. Ndani aliweka amplifaya ya kukuza sauti, na kompyuta ndogo ya kuhifadhi matangazo, ili koo lisimkauke kwa kurudia maneno yale yale siku nzima. Gari lenyewe alilipaka rangi ya bluu inayong'aa, na rangi hiyo aliipenda kuliko mtu anavyopaswa kupenda bati.

Tatizo lilikuwa kelele. Injini ikiwaka, vipaza sauti vilitoa mluzi mwembamba uliofuata mguu wake: akikanyaga mafuta unapanda, akiachia unashuka. Akizima injini mluzi ulikoma, lakini amplifaya na kompyuta vilikula umeme kwa pupa, betri ikafa kabla tangazo halijaisha. Basi Bura akafanya tufanyalo wengi. Aliongeza sauti. Mluzi nao ukaongezeka. Akanunua amplifaya kubwa zaidi, na sasa mluzi ukasikika hata kijiji cha jirani. Watu walimzoea. Wakisikia gari lake linakuja walifunga madirisha, na yeye akawa anasema watu wa siku hizi hawana masikio.

Asubuhi moja mwenyekiti wa kijiji alimjia mbio. Pipa la dawa ya kuogeshea ng'ombe lilikuwa limepasuka kando ya kisima, na dawa imeingia majini. Wengi walikuwa wamekwisha kuteka tangu alfajiri. Bura alirekodi tangazo: maji ya leo yasinywewe, yamwagwe yote. Alipita mtaa wa kwanza, madirisha yakafungwa. Alipita wa pili, akamwona dada yake Paskalina uani, ameinamia sufuria ya uji, hata kichwa hakuinua. Bura alishuka akaimwaga ile sufuria mwenyewe. Kisha akatazama mbele: nyumba zilizobaki zilikuwa zaidi ya mia tatu, naye ana miguu miwili tu.

Aligeuza gari hadi kwa Basilisa, fundi umeme wa magari pale njia panda. Yule mama hakugusa vipaza sauti. Alilala chini akafuata nyaya mbili nyeusi, zile zinazorudisha umeme kwenye bati la gari. Waya wa kompyuta ulishikizwa chini ya usukani. Wa amplifaya ulikuwa nyuma kabisa, umefungwa kwa nati juu ya rangi, kwa sababu Bura hakutaka bati lake likwaruzwe. Vyombo viwili vya gari moja, kila kimoja na mahali pake pa kusimama, na kimoja hakikuwa kimesimama popote, maana rangi huzuia umeme. Basilisa alimweleza kwamba kelele ya injini ilikuwa ikipenya hapo katikati, kwa kuwa nafasi iliachwa wazi. Kisha akampa msasa.

"Kwaruza rangi, Baba Theodora," alisema, akimwita Bura kwa jina la mwanawe. "Umeme haushiki urembo."

Mnaweza kucheka, lakini alisita. Mtu ametoka kumwaga uji wa dada yake, na bado aliitazama ile bluu akaionea huruma. Halafu akapiga magoti, akakwaruza mpaka bati likaonekana jeupe. Basilisa alizivuta nyaya zote mbili hapo hapo, akazifunga kwa nati moja na kuikaza. Bura akawasha injini. Akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Mluzi haukusikika tena, na machozi yakamtoka.

Aliirudia kwanza mitaa ile miwili. Watu walitoka nje kutazama ni gari la nani hilo lisilopiga mluzi, na walipotoka wakasikia. Bibi mmoja alimwaga mtungi wake papo hapo mlangoni, jirani yake akamwaga ndoo, na ikawa hivyo nyumba hadi nyumba, njia ikajaa tope kama ni masika. Bura alipita katikati ya tope lile akimshukuru Mungu kwa sauti yake mwenyewe. Hadi jioni hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Ndugu zangu, Bura alikuwa anasema kweli tangu mwanzo. Hata hivyo kweli yake haikuwafikia watu mpaka alipokubali kuharibu kile alichokuwa anakilinda. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Lile kovu lipo mpaka leo kwenye gari lake, hajalipaka tena, na akiulizwa hulionyesha kwa furaha.

Wewe je, ni rangi gani unayoionea huruma, na huku watu wa nyumbani mwako wamekwisha kuinjika uji?