Daraja Lililomvunjikia Kila Mtu

"Paukwa."

"Pakawa."

"Pakawa na kioo."

"Kikawaka."

Basi kiliwaka kibandani kwa Kiboko, na ndani yake mlikuwa na gemu ya hadithi. Mchezaji anakuwa msafiri. Anatembea, njia inagawanyika, anachagua. Anatembea, njia inagawanyika, anachagua. Akivuka daraja la mwisho, Kiboko anampa chakula cha msimu mzima. Asipovuka, anamwachia Kiboko akiba yake yote.

Hakuna aliyevuka.

Digidigi alimbebea kuni bibi kizee wa kwenye gemu. Kruu, daraja likavunjika, chubwi. Ngiri akampora yule bibi kuni zake. Kruu, chubwi.

Digidigi akauliza, "Mimi nimetenda wema, Ngiri katenda ubaya. Mbona tumezama pamoja?"

Kiboko akapiga mwayo. "Ulichagua mwenyewe. Hapa kwangu, aliyechagua ndiye anayelipa."

Kindi alikuwa darini, akichungulia kwenye tundu. Aliipenda gemu ile, milima yake, mvua yake inayonyesha hadi unataka kujifunika. Kilichomuuma ni kwamba utende mema, utende mabaya, yote mamoja. Na watoto wa Digidigi walikuwa wanalala njaa.

Asubuhi akashuka na karanga zake, mdogo kama ngumi.

"Shikamoo, Bwana mkubwa. Nataka kucheza, lakini kuchagua sijui. Nichagulie wewe, mimi nibonyeze tu."

Tumbo la Kiboko likatikisika kwa kicheko. "Marahaba, binti. Kaa."

Bip. Njia ikagawanyika.

"Bwana mkubwa, nimsaidie bibi au nimpite?"

"Mpite."

Akampita. Bip. Njia ikagawanyika.

"Bwana mkubwa, ninywe maji ya kisima hiki au niyaache?"

"Yanywe."

Akayanywa. Bip. Daraja hilo.

"Bwana mkubwa, nivuke mbio au polepole?"

"Mbio, binti, mbio."

Kruu. Chubwi.

"Lete karanga," Kiboko akasema.

Kindi hakuinuka. Akawageukia wanyama waliojaa mlangoni. "Nani kachagua?"

"Kiboko."

"Na aliyechagua?"

"Ndiye anayelipa."

Kiboko akafura. "Upuuzi. Hata ningechagua vingine, daraja lile huvunjika tu."

Ngiri akasogea mbele, pembe zake zikimulikwa na kioo.

"Huvunjika tu?"

Kiboko akatazama mlango. Mlango umejaa. Akajikokota pembeni, ghala likabaki wazi, na kila mmoja akabeba kilicho chake. Digidigi alimtazama Kindi, akamwinamia.

Kindi angeweza kudai ghala zima. Akachukua karanga zake, akaomba gemu tu. Akampelekea Buibui, fundi wa nyuzi, aifungue na kuisuka upya. Sasa ukimsaidia bibi, wanawe wanakushikia kamba za daraja. Ukimpora, unakuta kamba hakuna.

Ngiri alikuwa wa kwanza kuijaribu. Akampora bibi, maana mazoea yana taabu. Kruu, chubwi. Akatoka kibandani anacheka.

"Safari hii nimezama kwa haki yangu," akasema, akarudi kupanga foleni.

Funzo lake, wanangu: sheria unayowawekea wenzako, ujue siku moja itakufunga na wewe. Kiboko alisema aliyechagua ndiye anayelipa, na mmeona alivyolipa.

Ngano yangu imeishia hapo. Utamu wake gawaneni, uchungu wake mpelekeeni Kiboko.