Sungura Alivyomwachia Jirani Kilimia

Nikisema "Ngano iko jikoni," nanyi semeni "Pakua tule." Ngano iko jikoni!

Pakua tule!

Hapo zamani za kale, wanyama wa bonde moja walipanda kwa kufuata Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo. Mwenye kazi ya kukitazama alikuwa Twiga. Kila mavuno, kwa amri ya mfalme Tembo, kila nyumba ilimpelekea kibaba cha mtama. Kilimia kilipofika mahali pake, Twiga alipiga pembe, na bonde zima likatoka na majembe.

Sungura akachoka kutoa. Akasema barazani kwa Tembo, "Mtukufu, huyu Twiga mwaka mzima anatazama juu, sisi tumeinama chini. Anayetaka nyota akajinunulie sokoni."

Wakacheka, wakapiga makofi. Tembo akafuta kibaba. Twiga akahama na pembe yake.

Sokoni akatokea Mwewe, mchuuzi wa habari za angani. Siku ya kwanza Simba akanunua: harusi ya bintiye itanyeshewa? Siku ya pili Fisi akanunua: mizoga iko wapi? Siku ya tatu Mwewe akanadi habari za Kilimia. Hakuna aliyenunua.

Sungura aliwaza kwamba jirani yake Nguruwe atanunua, na Nguruwe akishika jembe, yeye Sungura atashika lake bure. Asubuhi akachungulia shamba la Nguruwe. Nguruwe alikuwa akichungulia la Kima. Na Kima, mjanja wa watu, alikuwa juu ya mti akimchungulia Sungura. Asubuhi ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Macho yakikutana, kila mmoja anajifanya anang'oa magugu.

Mvua ikanyesha kwenye mashamba matupu, ikakatika. Watoto wa Sungura wakalala njaa.

Sungura akapanda kilima alikohamia Twiga, masikio ameyalaza kwa aibu. Akauliza, "Kaka, mbona hukupiga pembe?"

"Niliipiga," Twiga akajibu. "Mara tatu. Ila huku ni mbali."

Kisha akaingia ndani, akamtolea mtama. Akampimia kwa kibaba kilekile. Sungura alipokea bila kuinua uso.

Basi wanangu, jambo linalofaa wote tusimwachie jirani alilipie. Tulichangie sote, maana kila mtu akingoja mwenzake, hakuna atakayelima.

Ngano nimeipakua, chungu kitupu. Mimi pia nimewahi kuchungulia shamba la jirani, ndiyo maana nimesimulia nikitazama chini.